Fimbo ya Mama Ukutani

Kwanza niseme wazi: bado sijapoa. Ndugu wamenishauri nimwachie Mungu, padri amenishauri nisamehe, na tonton, mjomba wangu, amenishauri ninyamaze, kwa sababu zake ambazo mtaziona. Nimewasikia wote. Lakini kila ninapopita Mangobo karibu na lile lango la bati la bluu, damu inanichemka upya. Kama niko juu ya toleka, yule anayeendesha baiskeli hunisikia nikisonya nyuma yake, akageuka kuuliza kama amekosea njia. Namwambia aendelee tu.

Mama yangu alikuwa na fimbo. Baba aliichonga mwenyewe kabla hajafariki, mti mweusi mzito, kichwa chake kimelainika kwa viganja vya watu wawili, kwanza vyake, halafu vya mama. Mama alianza kuitumia msimu mmoja wa mvua, alipoanguka kutoka kwenye toleka. Hapa Kisangani baiskeli ndiyo teksi yetu, na barabara ya kwetu mvua ikinyesha inakuwa uji. Gurudumu liliteleza, mama akakaa chini kwa kishindo, na mfuko wa maharagi aliokuwa ameupakata ukamfuata mapajani. Siku hiyo alicheka sana. Kesho yake hakuweza kuinama kuwasha moto.

Mgongo ulimuuma, maumivu yakashuka hadi kwenye nyonga, hadi nyuma ya goti. Alitembea polepole, akilalamika kwa sauti ili sote tujue, lakini alitembea. Alikwenda sokoni, alikwenda misa, alimfukuza mbuzi wa jirani kwa fimbo hiyo hiyo. Na alikuwa anaisikia ardhi chini ya nyayo zake. Nawaomba mlishike hilo, kwa maana ndilo lililoibwa.

Mimi nauza samaki wa kukaushwa. Huwa nakwenda Ubundu kuwanunua, na treni ikikataa, jambo ambalo ndilo kawaida yake, narudi kwa pikipiki nikiwa nimebanwa na vikapu. Safari ile nilikawia. Niliporudi, mwanzoni kabisa mwa avenue yetu, mama anayeuza mawese alinipungia mikono yote miwili.

"Félicitations! Maman iko muzima! Tulisikia témoignage yake!"

Sikujua ananipongeza kwa lipi, wala ni ushuhuda gani wa mama waliousikia. Wa pili akanipongeza, wa tatu akanikumbatia na harufu yangu yote ya samaki, na nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefunguka, bila fimbo. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Halafu nikauliza fimbo iko wapi.

"Iko ku docteur," mama akasema. "Ku ukuta."

Aliyempeleka kwa huyo docteur ni tonton, mdogo wake mama. Tonton ni mtu mwema, lakini anamwamini kila mtu aliyevaa koti jeupe, na siku moja nitamkuta sokoni anamwonyesha muuza nyama koo lake. Ndiye aliyenisimulia habari yote, ameketi kwenye kiti changu, anakula samaki wangu.

"Ule mutu iko na mikono ya Mungu," alisema. "Anakushika hivi, anakugeuza hivi, mifupa inalia kwaa! Alors, kila kitu inarudi fasi yake."

Kwenye lile lango la bluu ameandika kwamba yeye ni chiropracteur, yaani mtaalamu wa kunyoosha mifupa ya mgongo kwa mikono. Nikauliza amesomea wapi. Tonton alisema Uhindi. Mama alisema Ufaransa. Jirani aliyekuwa amekuja kusalimia alisema hapana, ni Kinshasa, lakini kwa wazungu. Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza. Kila mtu alikuwa amempa shahada aliyoipenda mwenyewe.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu, kwa sababu bila hilo yule mtu angekuwa mwongo wa kawaida tu, wa kula hela na kupotea. Kwetu mtu akipata jema halifurahii peke yake. Anasimama mbele ya kikundi cha maombi, anatoa ushuhuda, watu wanapiga vigelegele. Ni desturi nzuri, nimekulia humo. Lakini ushuhuda una sheria yake ambayo hakuna anayeitamka. Ukishasema umepona, umepona. Mtu akirudi wiki inayofuata kusema bado anaumwa, wenzake wanainamisha macho, na nyuma yake wananong'ona kwamba amemrudishia shetani zawadi ya Mungu.

Yule docteur alilijua hilo kuliko anavyojua mfupa wowote. Alikuwa na micro, kipaza sauti, pembeni ya kitanda chake. Mgonjwa akishageuzwa, mifupa ikishalia, mwili bado una joto la mafuta ya kuchulia na watu wa kwenye benchi wameshapiga makofi, kipaza sauti kinaletwa mdomoni. "Témoigne, maman. Umusifu Mungu." Saa hiyo, ukiwa umelala kifudifudi na mtu amekuwekea goti kiunoni, hata mimi ningeshuhudia lolote ili niachiliwe niinuke. Na ukishashuhudia, fimbo yako inachukuliwa na kutundikwa ukutani kwa msumari, wanaokuja waione. Mama alishuhudia siku ya kwanza. Siku ya kwanza! Ugonjwa wa miezi, na shukrani zikatolewa kabla mgonjwa hajafika nyumbani kuona kama ataamka kesho.

Siku chache baada ya kurudi kwangu, mama alikuwa uani anapika lituma, ndizi zetu za kuponda, kwenye mbabula, jiko la makaa. Mimi nilikuwa napanga samaki. Kaa moja la moto liliruka likatua juu ya mguu wake wa kushoto, pale ukanda wa sandali unapoanzia. Nilingoja aruke. Hakuruka. Aliendelea kukoroga sufuria akiimba wimbo wa kwaya, na mimi nikaanza kusikia harufu.

"Maman! Makala iko inakuunguza muguu!"

Aliangalia chini kama mtu anayeangalia mguu wa jirani. Akalisukuma lile kaa kwa mwiko, akatupa jicho kwenye ukuta wa nyumba ya pili, halafu akaniambia kwa sauti ya chini: "Nyamaza. Batu batasikia."

Nilimmwagia maji. Ngozi ilikuwa imeshachubuka na yeye alikuwa ananitazama usoni tu, kupima nina hasira kiasi gani. Nikamuuliza tangu lini hasikii mguu. Akasema tangu mara ya pili alipogeuzwa. Kuna kitu kilipita mgongoni kama maji ya baridi, na aliposhuka kitandani mguu wa kushoto haukuwepo, na wa kulia ulikuwa nusu.

"Na ulinyamaza?"

"Nilisha toa témoignage, mutoto yangu. Sasa nitasema nini? Batu bote banakuya kule juu ya maneno yangu."

Ndipo nilipoziona kuta za nyumba yetu. Tangu nirudi nilikuwa naona alama nyeusi kwenye chokaa, nikidhani ni watoto wa jirani. Zilikuwa alama za viganja vyake vyenye masizi ya jikoni, kutoka mlangoni hadi chumbani, kutoka chumbani hadi uani, zote kimo kimoja. Mama yangu mzima alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, na mgeni akiingia anasimama wima katikati ya chumba na kutabasamu. Nilitaka kulia, lakini hasira ilitangulia.

Nilitaka kumpeleka hospitali siku ile ile. Alikataa. Alitaka docteur mwenyewe atengeneze alichoharibu, kimyakimya, bila watu kujua. Nikamwambia sawa, lakini twende wote, na mimi nitakaa humo humo ndani niangalie.

Niliangalia, nanyi niwaambie nilichokiona. Ukuta mzima wa fimbo na magongo, na katikati, mahali pa heshima, fimbo ya baba. Dirishani ilining'inia picha ya mionzi ya uti wa mgongo wa mtu. Kila aliyelala kitandani alionyeshwa picha hiyo hiyo kwa ncha ya kalamu: "Unaona hapa? Imetoka." Mwendesha toleka mwenye shingo iliyokaza, imetoka hapo. Mwalimu anayeumwa bega, imetoka hapo hapo. Mwanamke mwenye mimba kubwa, hapo. Akaingia mama mmoja na mtoto anayekojoa kitandani, na kumbe hata huyo mtoto mfupa wake ulikuwa umetoka pale pale. Katika picha yenyewe, chini kidogo, ilionekana wazi kifungo cha mkanda wa suruali. Mama yangu hajawahi kuvaa suruali maishani mwake, wala hakuna aliyewahi kumpiga picha ya mgongo.

Na yule docteur hakuuliza kitu. Hilo ndilo lililonikata maini. Hakumuuliza mtu yeyote alianguka vipi, anaumwa wapi, usiku analalaje, ana mimba ya miezi mingapi. Alikuwa anasifia tu. "Maman wa nguvu! Papa wa kesho!" Anampaka kila mmoja mafuta kwa kitako cha chupa, kisha anamshika kichwa, anamzungusha, kwaa! na benchi zima linapiga makofi.

Zamu ya mama ilipofika, nilisema mimi, maana yeye aliinama tu. Nilisema kaa la moto limemuunguza na hakusikia. Yule docteur hakutazama hata lile jeraha.

"Bon. C'est normal," alisema. "Ugonjwa iko inashuka. Ilikuwa ku mugongo, sasa iko ku miguu, donc kesho itatoka inje ku vidole."

"Mutu kuungua bila kusikia, iko normal?"

"Ma fille, weye uko docteur?"

"Hapana. Na weye?"

Benchi zima likamgeukia docteur. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea, akamgeukia mama na kuweka mkono begani mwake kwa upole kabisa. "Maman, ndani ya nyumba yenu kuko mutu anapinga. Ndiyo maana uponyaji iko inakawia. Na usiende ku hôpital, kule batakupasua."

Mama akanitazama. Ilikuwa kitambo kidogo sana, lakini nilikiona kitu machoni mwake: alikuwa anajiuliza kama ni kweli, kama ni mimi. Mama aliyenizaa. Mengine huenda padri akanisaidia kuyasamehe, lakini hilo hapana. Mtu anakuharibia mama, kisha anampa jina lako kama sababu.

Docteur alipotaka kumlaza mama tena, nilimshika kifundo cha mkono. Nilimshika vizuri, mikono yangu inabeba vikapu vya samaki tangu ujana. Nikamwambia hatamgusa. Nikamwinua mama, nikamweka kwapani, tukatoka, na nyuma yetu kipaza sauti kikasema: "Bengine banakuya na imani, bengine banakuya na mutoto yabo." Watu wakacheka. Nilikisikia kicheko hicho hadi barabarani.

Hospitalini tulipokewa na mama mmoja kinésithérapeute, wa kuchua na kufundisha viungo. Sikumpenda mwanzoni, hakuwa na maneno matamu. Alikaa na kuuliza. Aliuliza hadi mama akachoka: ulianguka ukikaa au ukilala, maumivu yalianzia wapi, choo unakijua kinapokuja, na huyo mtu alikugeuza upande gani. Hakuweka kidole kwenye mgongo hadi alipomaliza. Kisha akamwambia mama afumbe macho, akachukua pini, akaanza kuchoma kidogokidogo kuanzia kidole gumba cha mguu.

"Unasikia?"

"Nasikia," mama akasema.

"Na hapa?"

"Nasikia muzuri."

Pini ilikuwa hewani. Hakuwa amemgusa kabisa. Mimi na yule kinésithérapeute tukatazamana, na nikamweleza habari ya ushuhuda, fimbo na kipaza sauti. Akaweka pini chini, akamshika mama mkono.

"Maman, fungua macho. Hapa hakuna micro."

Mama alilia hapo. Alilia vibaya, na mdomo wazi, na baada ya hapo akasema ukweli: kushoto hasikii chochote chini ya goti, kulia anasikia kwa mbali. Daktari aliitwa, mama akalazwa, ikapigwa picha ya mgongo wake yeye mwenyewe. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa. Yule kinésithérapeute alituambia mgongo ule haukupaswa kuzungushwa na mtu yeyote. Nikamuuliza, na ule mlio wa mifupa je? Akavuta vidole vyake mwenyewe, vikalia. "Hii? Iko hewa tu. Haiponyeshe mutu." Nikamuuliza kama miguu itarudi. Akasema hajui. Sikuwa nimesikia neno hilo tangu jambo hili lianze, na ajabu ni kwamba ndilo lililonipa moyo kidogo.

Watu sasa huniuliza sokoni, eti mtu wa namna hiyo utamjuaje? Nawaambia: mwangalie kama anakuuliza kitu. Ngoja uone kama kuna mtu hata mmoja anayemwambia wewe ugonjwa wako siuwezi, nenda kwingine. Akikukataza hospitali, inuka. Akikwambia maumivu mapya ni dalili ya kupona, inuka upesi zaidi. Na akitaka umsifu kabla hujavaa viatu, hata usivae, vibebe mkononi ukimbie. Huwa wanacheka. Mimi sichekeshi.

Mguu wa kulia ulirudi, polepole, kwa mazoezi ya kila siku ambayo mama aliyachukia. Wa kushoto haukurudi. Alitoka hospitali akitembelea mpini wa fagio, na tonton, ambaye sasa alikuwa anakuja kwa kichwa kilichoinama, aliufunga kitambaa juu usimchome kiganja.

Halafu siku moja, tumekaa uani, baiskeli ikapita kwenye avenue na spika imefungwa nyuma, kama wanavyotangaza dawa za kunguni na matamasha. Na kutoka humo ikatoka sauti ya mama yangu. "Nilikuya na fimbo! Naenda bila fimbo! Merci docteur! Batu bote, mukuye!" Watoto wa jirani wakaanza kuiga. Mama alisikiliza hadi mwisho, mpini wa fagio mapajani. Baiskeli ikakata kona, sauti yake ikaendelea kwenye avenue ya pili.

"Iko nazunguka tangu lini?" aliniuliza.

Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia tangu alipokuwa amelazwa.

Akavaa sandali zake. Kisha akasema nimtafutie toleka, na ya kwangu pia. Nilidhani anataka kwenda kanisani. Alimwambia mwendeshaji: Mangobo, lango la bluu.

Palikuwa pamejaa. Benchi zima, wengine wamekaa juu ya matofali, na sauti ya mama ikitoka kwenye spika iliyowekwa dirishani, mara moja, tena, na tena. Docteur alikuwa ameinamia mgongo wa mtu. Mama aliingia, akiburuta ule mguu wa kushoto, akasimama katikati.

"Muzime kwanza ule mutu," alisema, akionyesha spika. "Nataka kusema."

Kijana mmoja wa kwenye benchi akachomoa waya kabla docteur hajafungua mdomo. Mama hakupaza sauti. Alisema: "Ile sauti iko yangu. Muguu iko hii." Akavua sandali akaonyesha kovu la kaa. "Nimekuya kuchukua fimbo yangu."

Docteur alianza kusema habari ya imani. Mama alimpita, akanyoosha mkono, akaitoa fimbo ya baba kwenye msumari wake, akaacha mpini wa fagio umeegemea pale pale ukutani. Nilitazama benchi. Mwanamke mmoja alisimama akaondoka na mtoto wake, na yule kijana wa waya akamfuata. Wengine walibaki. Nasema kweli, wengi walibaki, macho chini, wanangoja zamu.

Tulikuwa hatujavuka lango tuliposikia mfupa wa mtu ukilia, na makofi. Nikamwambia mama twende, watu hawa wameshindikana, toleka zinatungoja. Yeye aliangalia huku na huko, akamwomba mwenye kibanda cha mkaa kigoda, akakiweka nje ya lile lango, kando ya njia ambayo lazima kila anayeingia aipite. Akakaa. Akaweka fimbo mapajani, akanyoosha mguu wa kushoto mbele yake, bila sandali.

Mwanamke wa kwanza alikuja ameshika kiuno, anatembea kiupandeupande kama mama alivyokuwa akitembea zamani.

"Karibu, mama," mama yangu akamwambia. "Uingie kama unataka. Lakini gusa hapa kwanza, unifinye na nguvu yako yote, halafu angalia uso yangu."

Mwanamke aliinama akafinya. Alifinya hadi kucha zikaacha alama, akimtazama mama usoni, na mama akimtazama yeye, ametulia kabisa. Kisha mwanamke akasimama wima, akageuka na kurudi alikotoka.

Hiyo ndiyo kazi ya mama sasa, kila Jumanne na kila Ijumaa, mvua isiponyesha. Mimi ndiye ninayempeleka.